Sukari ya Reino

Benchi la mbele ya kibanda cha kahawa, hatua chache kutoka mto Aura mjini Turku, lina wenyewe: wachomeleaji watatu wa meli, wote wastaafu. Asubuhi hiyo ya Machi, Onni, aitwaye Profesa kwa kusoma magazeti ya kinyozi, na Kalevi Kelele walikuwa na kahawa na maandazi ya iliki. Reino, wa tatu wao, alishika chupa ya maji. Saa nne alitakiwa aingie kwenye mashine hospitalini, ijulikane kama saratani iliyokatwa utumboni mwake mwaka jana imehamia kwingine. Alikuwa anaogopa, basi tu.

— Hata kipande cha andazi? Kalevi aliuliza, mdomo umejaa.

— Maji tu, Reino akajibu. Wanakudunga sukari yenye mionzi kidogo. Saratani ina uroho, inaifakamia. Pale inapofakamia, panawaka kwenye picha.

— Loo! Kumbe mtego wa panya!

Profesa akadakia:

— Ni mashine mbili ndani ya moja. Hii inachora mwili, ile inaonyesha sukari ilikokwenda. Itaona mpaka soseji ulizokula mwaka juzi. Mficha uchi hazai!

— Nizae nini mimi, na miaka sabini na moja?

— Tena mionzi, haba na haba hujaza kibaba, Kalevi akasema. Utang'aa, bwana! Utazima taa na gazeti utasoma.

— Acha uzushi, Profesa akamkata. Mishono yetu ya chuma melini si ilipigwa picha za mionzi miaka yote? Ukionekana ufa, unakata, unachomelea upya. Na yeye watamchomelea!

— Mimi si meli, Onni.

Reino alicheka. Tangu Jumatatu alikuwa amewatajia siku na saa mara nne. Alingoja mtu aseme neno moja tu, na kuliomba hakuweza.

Sirkka, aliyeanza kazi kibandani juzi, alikuwa amewasikia; alitoka kufuta meza.

— Na huyu, nani anamsindikiza hospitalini?

Profesa akapangusa makombo ya andazi mapajani. Kalevi akatazama viatu vyake.

— Mimi nimezoea kwenda peke yangu, Reino alisema.

— Sikukuuliza wewe, mzee wangu.

Kalevi akamwaga kahawa yake kwenye theluji.

— Sisi wajinga kweli, alisema.

Basi la hospitali lilipofika, walipanda wote watatu, kila mtu akakaa peke yake kwenye kiti chake, kama kawaida yao. Reino aligeukia dirishani wasimwone machozi.