Mita Ishirini na Sita za Mzee Orrin

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Mzee Orrin Lindqvist anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya mabango ya barabara hapa Wexcombe. Nimepewa mimi niandike haya ya kumuaga kwa sababu wenzangu wenye vyeti wanaogopa kukosea. Mimi siogopi.

Alipoanza kazi, mji uliishia kwenye maghala ya ngano na barabara zote zilikutana. Halafu wakaja wajenzi wa mitaa mipya. Kila mmoja akamega shamba lake, akapindapinda barabara mpaka zikajifunga zenyewe, akaacha mlango mmoja tu wa kutokea. Sheria iliwadai waache kipande kimoja cha barabara kifike mpakani, kiungwe na barabara za shamba la jirani likijengwa. Hapo ndipo Mzee alipochimbia bango: BARABARA HII ITAENDELEZWA.

Kachimbia mia moja na nane. Barabara zilizoendelezwa kweli: kumi na moja. Watu hulisoma bango siku ya kununua nyumba, halafu greda likifika wanapiga kelele kana kwamba wamevamiwa. Hata mimi niliyeacha shule mapema nimeielewa ramani ya mitaa hii kwa dakika mbili!

Kinara wao alikuwa Bwana Delbert Kruse wa Mtaa wa Larkspur. Aling'oa bango mara sita, akapanda ua wa misonobari kuziba mwisho wa barabara.

"Watoto wanacheza hapa!" alifoka.

"Watoto wako wana miaka arobaini, Delbert," Mzee alimjibu, huku akishindilia la saba.

Januari, Bi. Kruse akapigwa na kiharusi. Gari la wagonjwa likaja kwa mtaa wa nyuma, likakuta hakuna pa kupita. Delbert aliziona taa zake juu ya ua, mita ishirini na sita tu za barabara isiyoungwa, kisha akaziona zikigeuka kwenda kuzunguka kilomita tano za theluji. Mkewe yu hai, ila mkono wa kulia haujarudi.

Aprili, mbele ya baraza la mji, Delbert akasimama. "Ifungueni barabara."

"Si wewe uliyetufundisha kupinga?" jirani akamrukia.

"Nilikuwa mjinga. Kaa chini, Lyle."

Kura nne kwa tatu: ifunguliwe. Wiki iliyopita Delbert aliukata ua kwa msumeno wake, na Mzee akaling'oa bango mwenyewe. Barabara ya kumi na mbili.

Yamebaki mabango tisini na sita, na hayo niachie mimi. Asante, Mzee Orrin. Pumzika kwa raha, na popote utakapokaa, tunakuombea njia mbili za kutokea.