Eustachy Formela na Mke Mwenza wa Orłowo

Kwa niaba ya familia ya Formela, mimi Brunon, mdogo wake marehemu, nasimama kuwasomea maisha ya kaka yangu, na nawaomba radhi mapema, maana shemeji yangu Gertruda ameyapitia maneno haya na amekataa katakata niyapake sukari.

Marehemu Eustachy alizaliwa Puck tarehe 20 Septemba 1951, akasomea ufundi wa reli Gdańsk, na mwaka 1971 akaajiriwa kituo cha treni za mjini cha Orłowo, hapa Gdynia, alikokata tiketi, akatangaza treni, na mwishowe akawa mkuu wa kituo hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Gertruda, wakajaliwa binti mmoja, Kinga, mwaka 1978, ila Gertruda husema aliolewa ukewenza, kwani kibaraza chake hakikuona ua hata moja, na kituo marehemu akikimwagilia maua asubuhi na jioni, hata akinikuta sokoni ananichokoza, "Shemeji, mke mwenzangu kapambwaje leo?" Kila mkesha wa Krismasi, tulipoandaa, kwa desturi yetu, ile sahani ya ziada ya mgeni asiyetarajiwa, marehemu alikuwa amejitolea zamu ili wenzake wakale na watoto wao, akarudi samaki keshapoa, naye Gertruda akamkalisha kwenye sahani hiyo hiyo, "Karibu mgeni, umepotea njia?" Sisi tulicheka, lakini wivu ule haukuwa mzaha jamani, ulimla shemeji.

Mwaka 2017 moyo ulianza kumsumbua, na akiwa kitandani aliomba azikwe makaburi ya bondeni, karibu na reli, asikie treni zikipita. Gertruda alimpangusa jasho, akamrekebishia mto. Alifariki tarehe 9 Februari 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, na kesho yake shemeji akanipigia: "Brunon, ni makaburi ya Witomino, kule juu msituni, mbali na reli. Nimegawana mume miaka arobaini na mitatu, sasa basi!"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake mliokuja na sare zenu; Gertruda anawakaribisha nyote chakulani, ila ameagiza mtu asithubutu kumwita Eustachy "wetu".

Pumzika, kaka, na huku juu ukisikia honi, jifanye hujasikia.