Miaka Ishirini na Sita ya Kuizungusha Darubini Asiyoijua Rangi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita na miezi minne ya kazi, mwendeshaji wetu mkuu wa darubini ya mbali anastaafu. Jina lake limo kwenye cheti atakachokabidhiwa. Humu ndani sote tunamwita Mzee Fokasi, kwa sababu hakuwahi kupiga picha ya anga bila kuirekebisha kamera mpaka nyota iwe kali kama ncha ya sindano. Ukimwambia inatosha, atakujibu kwamba nyota imesafiri mbali sana kuja kupigwa picha yenye ukungu.

Kwa wasomaji wageni, nieleze kidogo. Darubini yetu iko juu ya mlima, mwendo wa siku mbili kwa gari kutoka hapa. Sisi tunaiendesha kutoka chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili, kile cha baada ya stoo ya karatasi, chenye dirisha lililozibwa kwa karatasi nyeusi. Kuna skrini tatu, feni moja na kiti kilichochanika mkono wa kushoto. Ukibonyeza hapa, kule mlimani kuba linafunguka, kamera inapozwa, darubini inageuka. Kisha unasubiri. Picha moja dakika kumi, halafu nyingine dakika kumi, mpaka kukuche.

Kazi hiyo ni ya upweke, na mimi niliyeifanya miaka mitatu tu nathubutu kulisema hilo wazi. Saa tatu usiku lifti inazimwa. Unabaki wewe, mlio wa feni na mlinzi anayekohoa getini. Chakula unakila kimepoa. Wenzako ukiwakuta asubuhi, wao wananukia sabuni, wewe unatafuta kitanda.

Mzee Fokasi alianza akiwa kijana mwenye nywele nyingi, kwa ushahidi wa kitambulisho chake cha zamani. Amefundisha waendeshaji saba. Lile wingu la gesi jekundu lililotundikwa mapokezi, ambalo kila mgeni hupiga nalo picha, ni kazi yake: saa arobaini za kukusanya mwanga, usiku baada ya usiku, kwa subira ambayo mimi sina hata kwa sufuria ya wali. Mwaka ule umeme ulipokatika mlimani huku mvua ikija, ni yeye aliyelifunga kuba kwa betri ya akiba, na tone la kwanza likadondokea bati badala ya kioo.

Lakini hata yeye amewahi kuchemsha. Usiku mmoja alipata picha nyeusi tupu. Akalaumu wingu. Akasubiri, akapiga tena, nyeusi. Alipiga picha thelathini na sita za giza, na kwenye daftari la zamu la kompyuta, linalosomwa hapa na mlimani, akaandika kwa heshima zote kwamba anga la leo halina ushirikiano. Asubuhi fundi mlezi anayeishi kule mlimani akamjibu chini yake: “Mzee, si wingu. Ni kifuniko.” Walikuwa wamesafisha kioo wakasahau kuondoa turubai. Tangu siku hiyo hakuna zamu inayoanza bila kupiga simu mlimani na kuuliza neno moja tu, “Kifuniko?”, na kusubiri kuambiwa “Kimetoka!” Siku hizi hata wahasibu wanasalimiana hivyo kwenye ngazi.

Jambo ambalo wengi hamlijui ni kwamba kwa miaka yote hiyo Mzee hakuwahi kuiona darubini yenyewe. Wanaopanda mlimani kutoka hapa ni mafundi wa matengenezo, mara moja kila miaka miwili. Aliwahi kupangiwa nafasi, ikatokea nyota yenye mkia ya kupigwa picha. Akapangiwa tena, mkewe akaugua. Sisi huiona darubini kwa kamera ndogo iliyo ndani ya kuba, nayo huonyesha kila kitu kijivu.

Mkewe alikuwa akimpigia simu kila siku saa tatu usiku kumuuliza kama amekula. Alikuwa na utani wake: “Unaniacha peke yangu kila siku kwa ajili ya kitu usichokijua hata rangi!” Wakawekeana dau. Yeye akasema ni ya bluu, Mzee akasema nyeupe, na atakayeshindwa atapika chai ya asubuhi kipindi chote cha ustaafu. Sharti lilikuwa moja: kutouliza mtu, mpaka aende akajionee. Mafundi walipoleta picha za rangi, Mzee alifumba macho kweli, kama mtoto.

Mama yule alifariki miaka minne iliyopita. Tulidhani Mzee ataomba zamu za mchana. Aliomba usiku zaidi. Alisema nyumba yake ikifika giza inakuwa kubwa kuliko ofisi. Na ikifika saa tatu, mpaka leo, huigeuza simu yake kioo kitazame juu.

Sasa nije kwenye deni langu. Miezi mitatu iliyopita niliolewa (mhariri wa jarida letu ameniomba nisiandike mengi kuhusu hilo, najitahidi, ila mume wangu ndiye mwanamume mzuri kuliko wote waliowahi kuvaa ovaroli). Mwenzetu mmoja alikuwa likizo ya uzazi, hivyo mmoja kati yangu na Mzee lazima angebaki kwenye skrini. Nilimwendea kumwomba abaki yeye. Akacheka: “Nenda kaolewe, binti yangu. Nyota zipo tu.”

Nikaenda, nikala keki, nikacheza, nikapendwa. Niliporudi, karani wa safari akaniambia kwamba wiki ileile gari la mafundi lilipanda mlimani na kiti kimoja kitupu. “Hukujua? Kile kiti kilikuwa chake. Ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho kabla ya kustaafu.”

Nililia kwenye shati la mume wangu mpaka likaloa. Yeye ni fundi wa majokofu, ana pikapu. Aliuliza tu ni kilomita ngapi, kisha akatoka kwenda kupima oili. Jamani, mtu kama huyo utaachaje kumpenda?

Tulipotaka kumpeleka mlimani, Mzee alikataa. Msinisumbukie, alisema. Basi mume wangu akamdanganya kwamba anapeleka jokofu upande uleule, na ili uongo ukamilike, akapakia jokofu bovu nyuma ya pikapu na kulisafirisha siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Mzee aligundua kituo cha kwanza tu, aliposaidia kukaza kamba akaona halina mota. Akaikaza tu kamba. Alituambia waliporudi.

Jioni waliyofika, mimi nilikuwa kwenye kiti chake, kile kilichochanika. Nikapiga simu mlimani. “Kifuniko?” Akapokea Mzee mwenyewe: “Kimetoka, binti yangu.” Nikabonyeza. Kwenye skrini ya kijivu darubini ikaanza kugeuka taratibu, na mtu mdogo aliyesimama pembeni yake akavua kofia. Nikaona mkono wake ukiigusa. Alikaa hivyo muda mrefu, nami sikuwa na haraka ya kupiga picha yoyote.

Kisha mstari ukatokea kwenye daftari la zamu, ukiandikwa kutoka kule juu: “Saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni. Anga safi. Darubini inazunguka vizuri, ina mlio ambao sikuujua. Ni ya bluu. Mke wangu ameshinda.”

Mzee Fokasi, asante kwa kila usiku uliokesha ili sisi tulale, na kwa ule uliokesha ili mimi niolewe. Tunakuombea asubuhi nyingi, ndefu, zenye jua na watu. Dau ni dau: chai sasa ni zamu yako. Ila usipike kikombe kimoja. Jumapili mimi na mume wangu tutagonga mlango, na kuanzia leo, kila saa tatu usiku, simu yako italia. Tutataka kujua kama umekula.