Mama Mapazia na Zamu Aliyomwachia Mdogo Wake

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, familia inawaomba mvumilie kidogo, kwa sababu karatasi hii ni ndefu kuliko zinazosomwa kwa kawaida, na imekuwa ndefu kwa sababu marehemu mwenyewe aliisahihisha kwa penseli akiwa wodini, akafuta mahali tulipoandika kwamba alikuwa mtu asiye na kinyongo, akaandika pembeni kwamba hataki kusingiziwa.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mapazia, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1971 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza kati ya wasichana wawili wa karani wa stesheni, na kwa miaka minne na nusu alibembelezwa peke yake, mpaka tarehe 17 Novemba 1975 alipozaliwa mdogo wake, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda. Mama yao alipenda kusimulia kwamba kichanga kilipoletwa nyumbani, dada mtu alikitazama kwa makini, kisha akauliza kitarudishwa lini.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akaingia chuo cha ufundi na kupata cheti cha ushonaji mwaka 1988, akiwa wa kwanza darasani, lakini kufikia hapo baba yao alikuwa amepandishwa cheo, kwa hiyo Kitinda alipelekwa sekondari ya bweni, akapewa sanduku jipya la bati na viatu vya ngozi, na marehemu, ambaye ndiye aliyemshonea mdogo wake sare za shule, aliwahi kukiri kwamba sketi ile aliibana makusudi kidogo kiunoni.

Vita vilipofika mjini kwao baba yao aliuawa kazini, na tarehe 2 Septemba 1993 mama na mabinti zake wawili walivuka kuja upande huu wa mpaka, wakaandikishwa kama waomba hifadhi, wakapanga vyumba viwili nyuma ya ghala la saruji, ambako vumbi lilikuwa likiingia hadi kwenye chumvi. Walisubiri majibu kwa zaidi ya miaka mitatu. Marehemu hakuwa mtu wa kusubiri, na habari zilikuwa zimeenea kwamba nchi jirani ina viwanda vinavyotafuta mafundi, hivyo akamwambia mdogo wake wafunge mizigo waondoke wote, naye Kitinda akamjibu kwamba yeye atavuka akiwa na karatasi mkononi au hatavuka kabisa. Marehemu alimcheka, akamwambia, "Basi kaa na karatasi zako, mimi nitakuletea habari," na tarehe 11 Februari 1997 akavuka bila kibali, amejibanza kati ya mbao kwenye lori.

Upande ule aliomba hifadhi ndani ya mwezi mmoja, na wakati ombi lake likizunguka ofisini alipata kazi katika karakana ya mapazia, ghorofa ya tatu, akapewa cherehani iliyokaa dirishani, mahali ambapo mwanga huingia tangu asubuhi na fundi hahitaji kukaza macho kutunga uzi. Karakana ile ilikuwa na mafundi kumi na wawili, na kila mmoja aliitamani nafasi hiyo. Alipata pia chumba chenye ufunguo wake mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho maishani, na wenzake wanasema alikuwa akiimba huku akikanyaga, ingawa sauti hakujaliwa.

Tarehe 22 Juni 1999 mawaziri wa nchi hizi mbili walitia saini makubaliano, na mafundi wakayasikia kwenye redio ya msimamizi wao, kwamba kila aliyevuka bila kibali atarudishwa upande huu, na kwa kila mmoja atakayerudishwa, upande ule utampokea mmoja aliyesubiri na karatasi zake, mradi awe na ndugu wa damu kule. Marehemu alisimamisha cherehani. Alielewa mara moja kwamba yeye yumo katika kundi la kwanza, lakini hakujua kwamba huku nyuma Kitinda alikuwa ameshaitwa kujaza fomu, na kwenye nafasi ya ndugu wa damu aliye upande ule alikuwa ameandika jina la dada yake, kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Ombi la marehemu lilikataliwa mwezi Agosti, na ombi la Kitinda likakubaliwa mwezi Septemba kwa sababu ya dada huyohuyo, na hakuna karani aliyeziweka fomu hizo mbili pamoja. Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 1999 mabasi mawili yalifika kwenye kituo cha mpakani, kila moja na watu thelathini na wawili, wakaingizwa katika ukumbi mmoja uliogawanywa na kaunta ndefu, wakahesabiwa, na hapo marehemu alipoinua macho akamwona mdogo wake amekaa upande wa pili, amevaa koti la mama yao.

Kitinda alisimama akaja hadi kwenye kaunta, na alichoweza kusema ni, "Dada, sasa mimi nifanyeje?"

Marehemu alikuwa na dakika chache tu, askari akiwa anamwita kwa namba, naye akatoa ufunguo wa chumba mfukoni, akausukuma juu ya kaunta, akasema, "Nenda. Kuna cherehani dirishani, waambie mimi ndiye niliyekutuma, usikubali wakuweke ukutani." Maneno hayo aliyasema kwa moyo mweupe, hilo familia inalithibitisha, lakini basi halijamaliza kilomita kumi roho ilikuwa imeanza kumuuma, na aliandika kwa penseli kwamba haikuacha.

Aliporudi, faili lake lilifunguliwa upya kama la mtu aliyefika jana, akarudi kwa mama yao nyuma ya ghala, akawa anashona mashuka ya hospitali katika karakana ndogo. Huko ndiko alikokutana na fundi wa mabomba aliyekuja kuziba bomba la karakana, akaja mara nne kwa bomba lile lile, na tarehe 14 Julai 2001 wakafunga ndoa, wakajaaliwa binti mwaka 2002 na mtoto wa kiume mwaka 2006. Mwaka 2008 alifungua karakana yake ya mapazia yenye mafundi watano, na wote watano wapo hapa leo, nao wanajua kwamba cherehani ya dirishani hakumpa mtu, alikaa nayo mwenyewe.

Kwa watu wengine hayo ni maisha ya kushukuru, na marehemu alishukuru, lakini kila barua iliyotoka upande ule ilimharibia wiki. Picha ya Kitinda dirishani ilipofika, aliishika karibu na taa, akaukagua mshono uliokuwa mkononi mwa mdogo wake, akasema umevutwa. Kitinda alipofanywa msimamizi, marehemu aliumwa kichwa siku mbili, na alipopewa uraia mwaka 2010, hakula chakula cha jioni, na mumewe alipomkumbusha kwamba huyo ni ndugu yake, alijibu, "Najua ni ndugu yangu, angekuwa wa mtu mwingine nisingejisumbua." Kitinda akipata mafua, marehemu alinung'unika kwamba hata mafua anapata mazuri ya huko. Baada ya kupata uraia, mara tatu mdogo wake aliomba kuja kumsalimia, na mara tatu akajibiwa kwamba nyumba inapakwa rangi.

Mama yao alifariki tarehe 23 Januari 2005, kichwa chake kikiwa mapajani mwa marehemu, wakati ambapo masharti ya makubaliano yalikuwa bado yanamzuia Kitinda kurudi upande huu, na marehemu alimpigia simu akamsimulia kila kitu polepole, nguo aliyovishwa, maneno aliyosema, nani alilia, na baadaye alikiri kwamba hakufanya hivyo kwa wema mtupu.

Mwezi Agosti 2018 alianza kuvimba miguu, akagundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mumewe ndiye aliyempigia Kitinda simu bila kuomba ruhusa, naye akafika tarehe 21 Mei 2019, akaingia wodini akiwa na begi moja, na kwa muda ndugu hawa wawili wakatazamana kama watu wanaokaguana mpakani.

Marehemu ndiye aliyeanza, akasema, "Umenenepa. Kule kumekukubali."

Kitinda alikaa kitandani bila kukaribishwa, akamwambia, "Dada, mimi nimekuonea gere miaka kumi na tisa. Kila fundi wa zamani pale huniambia yule dada yako alikuwa fundi kweli. Na mama ulibaki naye wewe. Ulimfumba macho wewe. Mimi niliambiwa kwa simu, nimesimama kwenye ngazi, halafu nikarudi kumalizia pazia la mtu."

Marehemu akauliza, "Gere kweli, au unanifurahisha?"

"Kweli. Nilikuwa nakesha nayo."

Muuguzi aliyekuwa zamu anasema alisikia kicheko akadhani ni kilio, akakimbia kufungua pazia la kitanda, akawakuta wameshikana mikono, na marehemu akisema kwamba angejua hivyo mapema angemwacha aje hata rangi ikiwa mbichi. Tusidanganyane kwamba wivu uliisha siku hiyo, maana wiki iliyofuata marehemu alimwona Kitinda akimsuka yule binti wa marehemu, akageukia ukutani, lakini baadaye aligeuka tena na kumwambia binti amsikilize mama yake mdogo, kwa kuwa mkono wake umekuwa mwepesi.

Kibali cha Kitinda kilikuwa cha siku kumi na nne, kikaongezwa mara mbili kwa barua ya daktari. Asubuhi ya tarehe 29 Juni 2019 Kitinda alimwomba dada yake asiondoke, akamwambia kwamba kama ingewezekana yeye angelala pale kitandani badala yake. Marehemu alifumbua macho akasema, "Zamu hii simwachii mtu," na saa nne na dakika arobaini akakata roho, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopika na kulala nasi, mafundi wake watano walioshona usiku na mchana ili kazi za wateja zisikwame, na mafundi wa upande ule waliotuma salamu. Marehemu ameacha mume, watoto wawili, na mdogo mmoja, ambaye kibali chake kinaisha kesho, naye ameomba tuongeze kwa mkono wake kwamba dada alikuwa fundi kuliko yeye.

Mama Mapazia, umefika mahali pasipo na foleni, tulia sasa, upumzike kwa amani.