Bwana Karantini Anaondoka na Fundo la Maharage

Bwana Hezron Simbeye ametukagulia mazao hapa mpakani Tunduma kwa miaka ishirini na minne, na tarehe 30 Juni 2011 anastaafu. Maneno haya ni yangu, Bibi Mwanakombo, mpishi wa jikoni hapa kituoni. Anayeandika ni Nesta wa ofisini, maana mimi shule sikuiona. Nimemwambia akichomeka sifa zake mwenyewe humu nitajua.

Hezron alizaliwa Msangano, akasomea wadudu wa mazao, akaja kwetu mwaka 1987 na neno lililotusumbua wote: karantini. Gunia likitiliwa shaka, karantini. Miche ya kahawa, karantini. Wenye mizigo waliuliza hiyo karantini ni nyumba ya nani, na ina watoto wangapi wa kulishwa. Mimi niliuliza kwa sauti kuliko wote. Nilikopika kabla ya hapa, mchele uliozuiliwa asubuhi uliingia sufuriani kwangu mchana. Kwa hiyo mtu mpole mwenye neno gumu simwamini, hata awe na miwani.

Mwaka 1994 akapita mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Ferista, binti yake Atuganile anaolewa Igamba. Kwao mama humfungia binti mbegu za shamba lake la kwanza ndani ya kitenge, mahindi pembe moja, maharage pembe nyingine, na fundo halifunguliwi mpaka shambani. Hezron akalifungua. Akaona tundu dogo kwenye punje ya mahindi, akasema karantini. Mama Ferista alilia jikoni kwangu: binti akifika bila mbegu za mama, ukweni watasema hakuzaliwa na mtu, ameokotwa. Na mvua zilikuwa karibu.

Nikamfuata Hezron na mwiko mkononi. Nilimwambia hata fisi angeona aibu kuiba mbegu ya bibi harusi. Hezron alitia mahindi kwenye chupa moja ya kioo, maharage kwenye nyingine, akazifunika kwa wavu, akaziweka kwenye rafu yangu. Akasema kwa kuwa namshuku, nizilinde mimi. Nikazilinda kwelikweli. Hata yeye akija kuchungulia, nilisimama katikati.

Wiki zikapita. Chini ya chupa ya mahindi ukaanza kujaa unga, kisha wakatoka dumuzi, wadudu weusi, wadogo, wanatembea kama wenye nyumba. Chupa ya maharage kimya. Kumbe karantini si kunyang'anya, wala si kuhukumu. Ni kukiweka kitu peke yake, mbele ya macho, mpaka aliyejificha ndani atoke mwenyewe. Wale wangefika Igamba, wangemaliza maghala ya ukwe wote, na lawama angebeba bibi harusi.

Mahindi tuliyachoma kwenye moto wangu. Maharage Hezron hakuyafunga. Alimwita mama Ferista avuke tena, apige fundo kwa mkono wake. Yalipandwa mvua za kwanza, na ukweni wakanyamaza.

Tangu hapo neno nimelichukua. Mchumba wa mjukuu wangu Zakia nilimweka karantini, wakatoka wake wawili aliowaficha. Mafundi, wagombea, hata Nesta huyu alipoanza kazi, wote kwanza rafuni. Hezron alipolisikia alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye supu, na supu nayo akataka kuikagua.

Wakaguzi vijana aliowafundisha wametapakaa mpaka wote. Mzigo wa mtu haukuwahi kuingia sufuriani kwangu. Chai anakunywa bila sukari, na hilo bado linanitia shaka.

Hezron baba, Atuganile amekuletea maharage ya uzao uleule ukapande Msangano. Yalikaa kwenye rafu yangu tangu Machi, hajatoka mtu. Jana amekuja mwenyewe kuyafunga kwenye kitenge. Asante kwa kazi, ukaishi vizuri na afya ikutunze. Na mikono yako hiyo naijua: fundo usilifungue njiani.