Kichwa cha Fundi Saa

Benchi letu ni ubao juu ya matofali, mbele ya meza ya Fundi Saa. Birika moja la kahawa, vikombe vitatu, watu wanne, tunapokezana. Wiki ya tatu sasa Fundi anaamka na kichwa kinachomuuma, anashinda nacho, analala nacho. Jana vibano vilimponyoka, skrubu ndogo kama punje ya mchanga ikapotelea vumbini. Fundi saa asiyeweza kushika skrubu atashika nini?

— Kinabana pande zote, alisema Fundi, kama nimevaa kofia ya mtoto.

— Shingo hiyo! Redio, muuza vocha asiyezimika, alidakia. Kutwa umeziinamia saa utadhani unazibembeleza zilale.

— Shingo wapi! alisema Daktari, ambaye hutibu viatu tu. Kipandauso hicho. Dada yako kikimpata, upande mmoja unapwita, hataki mwanga, anatapika.

— Mimi sitapiki, shemeji.

— Subiri, utatapika.

— Basi ni hizi saa, alisema Redio. Thelathini mezani, kila moja na majira yake. Ubongo umeshindwa ufuate ipi!

Fundi alicheka, kisha akashika kichwa. Papo hapo mikono mitatu ikaingia mifukoni. Mimi kinyozi nina vidonge vyangu vyeupe, Daktari ana vyake vyekundu, Redio ana vya kuyeyusha kwenye maji. Kila mtu humpa anapomwona amekunja uso.

Dada mmoja aliyeleta saa iwekwe betri alitutazama.

— Kaka zangu, ni lini mara ya mwisho alimaliza siku bila kumeza kidonge?

Redio alihesabu siku kwa vidole, akaanza upya.

— Mimi nilimeza hivyo miezi miwili, alisema dada. Tabibu akaniambia vidonge vyenyewe, vikimezwa kila siku, ndivyo vinavyorudisha maumivu ya kichwa. Nendeni akapimwe, na mumtajie tabibu vidonge vyote alivyokula.

— Jamani, Daktari alinong'ona, tumemuua?

— Hamjaniua, alisema Fundi, akizifunika saa zake kwa kitambaa. Wiki tatu sijaumwa peke yangu hata siku moja. Nawashukuru sana, ndugu zangu. Acha niende.

Aliinuka. Tukainuka sote.

— Sasa nyote mnakwenda wapi?

— Kwa tabibu, nilimjibu. Atauliza umekula vingapi, na hapa kila mtu anajua vyake tu.