Magogo Tuliyoyaficha Nyuma ya Jengo

Mgeni rasmi, kabla ya salamu tunakuomba usogeze kiti chako mbele, utoke chini ya hiyo roshani. Jua litakuchoma kidogo, utuwie radhi. Sababu utaisikia humu humu. Ahsante.

KARIBU

Sasa tunakukaribisha kwa mikono miwili. Viongozi wengi huliona jengo letu wakiwa ndani ya boti, wakalipiga picha, wakapita. Wewe umeshuka ukakanyaga ngazi zetu. Umetuheshimu.

TULIKOTOKA

Hili lilikuwa ghala la forodha. Babu zetu walibeba mizigo humu. Mizigo ilipohamia bandari mpya, wao walibaki, wakagawa vyumba kwa mbao na mapazia. Ndiyo maana kwetu mtu akipiga chafya, pole zinatoka kila upande.

TUNACHOJIVUNIA

Ngazi hufagiliwa kwa zamu na hakuna anayekumbushwa. Ufunguo wa lango anao bibi wa ghorofani, ambaye macho yamemchoka lakini anatujua wote kwa vishindo vya miguu. Serikali ilipolitangaza jengo kuwa la kumbukumbu na kubandika kibao, tulipiga vigelegele hadi bibi akatuuliza nani kaolewa.

LINALOTUSUMBUA

Tangu kibao kibandikwe, hata msumari haupigiliwi bila kibali. Roshani iliyokuwa juu ya kichwa chako mbao zake zimeoza. Tuliomba kibali tuitengeneze, tukaambiwa mtaalamu yuko njiani. Njia hiyo ni ndefu, mheshimiwa. Tukaishikiza kwa magogo.

Mwenzetu mmoja, mshonaji, huweka cherehani yake hapo chini kwa ajili ya mwanga. Watoto wake na wetu huchezea miguuni pake. Juzi watu wa maandalizi ya ziara yako walisema magogo yanaharibu sura ya jengo. Kamati yetu ya wakazi ikakubali, na sisi wenyewe tukayabeba hadi nyuma. Fundi mwashi akaziba nyufa kwa chokaa, akapaka na rangi.

"Fundi, hiyo rangi inashika mbao?" mshonaji akamwuliza.

"Inashika macho, dada. Si unajua, funika kombe..."

"Ishia hapo hapo! Unayemfunikia ni mgeni rasmi."

Tulicheka sana. Mshonaji hakucheka. Asubuhi hii alikuta vumbi la chokaa limetanda upya juu ya cherehani. Akalipangusa, akatazama juu, kisha akamwita mwanawe mdogo atoke pale, kwa ile sauti ambayo kila mzazi anaijua. Alipogeuka akaona kiti chako kinaletwa, kinawekwa pale pale.

Akamfuata mwenyekiti wa kamati. "Kaka, kiti kile kisogezwe."

"Dada, utatuaibisha mbele ya watu. Ni saa moja tu."

"Aibu tutaiosha. Damu je?"

Mwenyekiti akampa risala na kalamu. Ndipo sehemu hii ikaandikwa. Haikuwemo katika risala iliyopitishwa na kamati. Wahenga walituambia tuzibe ufa. Hawakusema tuuzibe kwa rangi.

TUNALOOMBA

Tulikuwa na maombi mengi: taa za gati, mtaro wa maji machafu, vyoo. Yote hayo yatasubiri. Jengo hili tunalipenda, na tunaomba lihifadhiwe pamoja na waliomo ndani yake. Magogo yako nyuma, tumeyafunika turubai. Vijana wameshakunja mikono ya mashati. Ukishaondoka, kuyarudisha kutataka kibali. Ukiwepo, neno lako linatosha.

Kiti chako kimesogezwa na hakuna aliyeuliza kibali kiko wapi. Jioni kitarudi ofisini, na watoto watarudi kivulini. Wao, mheshimiwa, hawana wa kuwasomea risala.

Mungu akufikishe kwako salama, uwakute wako wote wazima. Nasi tunaomba utuache na wetu wakiwa hivyo.

Ni sisi, wakazi wa Ghala la Forodha ya Zamani.
Imesomwa kwa niaba yao na mshonaji.